Afande Si Hakimu, Si Keshia, Si Fundi: Ukisimamishwa na Trafiki Uganda

Barabara ya Malaba kwenda Kampala hupita Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono, na ni nadra mtu kuimaliza bila kuona sare nyeupe kando ya lami. Mara nyingi afande anakutazama, anasoma namba za gari, anapunga mkono upite. Siku nyingine mkono unaonyesha pembeni. Hapo ndipo maswali huanza, na ukikaa na madereva jioni, iwe Kisenyi au kwenye maegesho ya malori Busia, utayasikia yaleyale. Ana haki ya kukaa na pamiti yangu ya udereva? Ile faini imeingia wapi? Mbona mwenzangu aliandikiwa karatasi akaenda zake, mimi nikapelekwa kituoni?

Majibu yanachanganya kwa sababu tumelipa jina moja jambo lenye mambo kadhaa ndani yake. Trafiki yuleyule, akiwa amesimama palepale, anaweza kukukagua, kukutuhumu kosa, kukuandikia adhabu na hata kukukamata. Kila kimojawapo kina masharti yake. Dereva asiyejua yuko kwenye kipi hulipa pasipolipwa, tena hubishania barabarani jambo ambalo mahali pake ni mahakamani. Njia fupi ya kuyatenganisha ni kukumbuka kazi tatu ambazo afande hana. Si hakimu, kwa hiyo hawezi kukutia hatiani. Si keshia, kwa hiyo hapokei fedha. Wala si fundi, ingawa hiyo ya tatu ina utata wake, nitaufikia.

Nani amekusimamisha, na kwa nini

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, iliyofanyiwa marekebisho 2020, inamtaka dereva asimame anapoamriwa na askari polisi aliyevaa sare. Trafiki wa Uganda huvaa nyeupe, na jina lake limebandikwa kifuani. Lisome kabla hamjaanza kuzungumza, si kwa ujeuri, ila kwa sababu baadaye ukihitaji kueleza kilichotokea, "afande mmoja mrefu pale Lugazi" haitasaidia mtu.

Si kila anayekuzuia ni trafiki. Usiku utakuta polisi wa kawaida kwenye vizuizi wakitafuta wahalifu na silaha. Karibu na mipaka kuna maofisa wa URA, mamlaka ya mapato, wanaosaka magendo. Kuna wanajeshi, pengine wa kofia nyekundu, na kwa wenye malori kuna mizani kama ile ya Magamaga au Lukaya. Hawa hawakuandikii tiketi ya mwendo kasi, na mambo ya trafiki ninayoyaeleza hapa hayawahusu sana. Kwenye kizuizi cha usiku washa taa ya ndani, teremsha kioo, mikono ionekane, jibu unachoulizwa. Hoja za katiba zina saa zake.

Trafiki naye ana sababu za kuwepo. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda, yaani takriban 14 kila siku. Operesheni ya Fika Salama ilianza 2016 kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka baada ya mfululizo wa ajali mbaya, na tangu hapo vizuizi vya namna hiyo vimesambaa kwenye barabara kuu nyingine. Tatizo lake linajulikana na kila dereva: wanaokuja upande wa pili wanakuwashia taa, unapunguza mwendo, unampita afande kwa adabu zote, kisha unakanyaga mafuta tena. Trafiki amekuwa tuta lenye sare. Kwa hiyo siku hizi hujificha, hukaa nyuma ya mti au kwenye kona akiwa na mashine ya kupima mwendo, na madereva hulalamika kwamba anawavizia. Kwa maoni yangu malalamiko hayo ni dhaifu. Kibao cha mwendo hakikusema utii ukionwa tu.

Viwango vyenyewe vinafaa kujulikana. Gari dogo kwenye barabara kuu ya lami mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa, na mabasi na malori ni 80. Ukiingia mjini au kwenye senta ni 50. Kanuni za 2024 zikaongeza kiwango cha kilomita 30 kwa saa kwenye sehemu zenye watu wengi wanaotembea kwa miguu, kama karibu na shule na hospitali. Hapo kwenye senta ndipo wengi hunaswa, maana barabara yenyewe haibadiliki: lami ileile, upana uleule, ila maduka yameanza pande zote mbili na kibao cha 50 kimesimama nyuma ya lori lililoegeshwa.

Ukaguzi

Hatua ya kwanza ni ukaguzi tu, na kwayo huhitaji kuwa umekosa chochote. "Dereva, habari. Leta pamiti." Atatazama pamiti, stika ya bima ya mtu wa tatu kwenye kioo cha mbele, matairi, taa, mkanda. Anaweza kuuliza pembetatu za kuweka barabarani gari likiharibika, na akitaka kuziona utafungua buti.

Pamiti ina makosa mawili yanayowakamata watu wasiojiona wakosaji. La kwanza ni kuisha muda, na hilo halina maelezo marefu. La pili ni daraja. Pamiti ya daraja B ni ya gari dogo la kawaida. Mtu akichukua kamunye, yaani basi dogo la abiria, la jirani ili kusaidia tu, anahitaji DL. Lori la kati ni CM, zito ni CH, na pikipiki ni A. Kijana mwenye B ambaye ameendesha gari dogo miaka kumi bila kugusa mtu, akikaa kwenye usukani wa kamunye, machoni pa sheria ni mtu asiye na pamiti ya gari lile. Bima nayo inaweza kumkana siku ya ajali, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo kuliko faini.

Kwa ndugu zetu wanaovuka kutoka Kenya na Tanzania, leseni ya kwenu hutambuliwa. Kinachowaponza ni karatasi za gari. Gari lenye namba za nje linatakiwa liwe na kibali cha muda cha URA kilichotolewa mpakani, na bima inayofanya kazi ndani ya Uganda. Kadi ya Njano ya COMESA ndiyo njia ya kawaida, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe. Angalia tarehe ya kibali. Mtu hukaa kwenye harusi Mbarara siku tano zaidi ya alivyopanga, akasahau kwamba gari nalo lina siku zake za kukaa nchini.

Ukaguzi wa makaratasi na upekuzi wa gari ni vitu viwili. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inamlinda mtu dhidi ya upekuzi usio halali wa mwili wake, nyumba yake na mali yake. Askari akitaka kupekua mizigo, una haki ya kuuliza anatafuta nini, na una kila sababu ya kusimama karibu ukitazama. Mwanamke akilazimika kupekuliwa mwilini, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hilo halina "lakini" hata usiku.

Tiketi

Afande akiona kosa, anachofanya ni kukutuhumu. Hata aseme kwa sauti gani, bado ni tuhuma, maana Ibara ya 28 ya Katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Ila kumpeleka kila asiyefunga mkanda mbele ya hakimu kungezijaza mahakama hadi barazani. Ndiyo maana kukawa na mfumo wa adhabu za papo kwa papo, ambao kila dereva anauita EPS.

EPS ni makubaliano zaidi ya hukumu, na ukilielewa hilo mengi yanafunguka. Serikali inakuambia: tunakutuhumu kosa hili, adhabu yake imepangwa tayari kwenye jedwali, ukilipa yameisha na hatuendi mahakamani. Afande hachagui kiasi. Anachagua kosa, na kosa ndilo lina bei. Kwa hiyo swali la kumuuliza si "faini ngapi?" bali "umeniandikia kosa gani?" Anayeuliza faini ngapi amefungua mnada. Anayeuliza kosa gani ameomba maelezo, na maelezo yanaandikwa.

Tiketi halali ina namba ya gari, jina lako au namba ya pamiti, kosa, mahali, tarehe na kiasi. Unakwenda nayo kulipa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayoingiza fedha URA. Una siku 28. Zikipita bila kulipa, deni linaongezeka kwa nusu ya kiasi cha mwanzo, na linabaki limeandikwa kwenye mashine. Utakutana nalo tena Lyantonde au Karuma, mbele ya afande mwingine asiyekujua.

Kama hukubali kosa, usilipe kwanza halafu ulalamike. Kulipa ni kukubali. Mwambie afande kwa utulivu kwamba hukubaliani na kosa na kwamba uko tayari kujibu mahakamani. Hapo anapaswa kuthibitisha alichokiona. Kama ni mwendo, omba kuona namba kwenye mashine. Wengi huionyesha bila shida. Itazame saa yake pia, isije ikawa ni namba ya gari lililopita kabla yako. Nikiri hapa kwamba ushauri huu ni mzuri kwa mwenye nafasi. Kesi ndogo inaweza kumla mtu asubuhi kadhaa za kwenda mahakamani, na mwenye gari la kukodi anayedaiwa hesabu kila jioni hana asubuhi hizo. Ndiyo sababu watu wengi hulipa tiketi wanazoamini si zao, na trafiki wanalijua hilo vizuri.

Kuna desturi ya afande kubaki na pamiti yako mpaka urudi na risiti. Madereva wa kamunye wamelizoea hata hawalioni tena. Shida ni pale pamiti inapochukuliwa bila tiketi. Hapo huna tuhuma iliyoandikwa, huna kiasi, huna namba ya malipo, na mali yako iko kwenye mfuko wa shati la mtu. Hali hiyo haina jina kwenye mfumo wa EPS. Iombe tiketi. "Afande, niandikie niende kulipa" ni sentensi ya adabu, tena imewaokoa wengi, kwa sababu anayekutaka umpe kitu hapendi kuandika.

Soda

Anayekutaka umpe kitu, ile rushwa ndogo inayoitwa soda, hasemi kiasi, na mara nyingi hasemi lolote linaloweza kunukuliwa. "Sasa dereva, tufanye nini?" "Unaniachaje?" Au anakushikilia pamiti, anazunguka gari mara mbili, anatazama tairi kwa huzuni kubwa. Dereva mzoefu ameshakunja noti ndani ya pamiti kabla hata ya kuulizwa. Noti inatoka, pamiti inarudi nyepesi.

Kisheria hapo wamekosa wote wawili. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 haimhesabu mtoaji kuwa mhanga. Anayetoa na anayepokea wamo kwenye kosa lilelile, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Sijasikia dereva wa kamunye aliyefungwa miaka 10 kwa noti ya elfu tano, na ninyi hamjasikia. Lakini sheria hiyo huzinduka pale afande anapokuwa na sababu ya kuikumbuka, kwa mfano siku wakubwa wake wanapofanya operesheni na yeye anahitaji kuonyesha kwamba hapokei.

Simshangai mtu anayetoa. Hesabu yake inaeleweka: tiketi ya laki mbili ni kipato cha siku nyingi, nyanya kwenye gari zinaiva, abiria wanapiga kelele nyuma, na afande hana haraka hata kidogo. Ila hesabu ile ina tundu. Soda haina risiti. Tairi lililokwisha pale Mukono limekwisha pia pale Lugazi, na afande wa Lugazi hana habari kwamba umeshatoa. Tiketi angalau unaweza kumwonyesha. Tena kila noti inamfundisha afande ni magari ya aina gani yasimamishwe kesho. Angalia ni nani hasa husimamishwa asubuhi: kamunye, Fuso ya ndizi, bodaboda, pikapu ya mkaa. Gari kubwa jeusi lenye vioo vyeusi linapungiwa mkono.

Ukiombwa, huhitaji kutoa hotuba. Rudia ileile ya kuandikiwa tiketi, kwa sauti ileile. Ukiona inageuka kuwa vitisho, kumbuka jina la kifuani, mahali na saa, na uyapeleke kwa OC Trafiki wa eneo hilo au kwa DPC, ambaye ndiye mkuu wa polisi wa wilaya. Polisi wana kitengo chao cha nidhamu kinachopokea malalamiko ya raia, na nje ya polisi kuna ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kutoa simu na kuanza kumrekodi usoni ni jambo jingine. Nimeona likimaliza ubishi haraka, na nimeona likigeuza tiketi ya mkanda kuwa kesi ya kumzuia askari kufanya kazi. Kwa dereva aliye peke yake jioni, mimi nisingeianza nayo.

DMC

Kosa linaloleta ugomvi kuliko yote ni DMC, yaani gari lililo katika hali mbovu na ya hatari. Nia yake ni njema, maana gari lisilo na breki linaua. Lakini DMC imekuwa kosa la kila kitu. Kioo chenye ufa, moshi, mlango usiofunga vizuri, taa moja ya nyuma, rangi iliyokwaruzika: yote yanaweza kuitwa hivyo na afande aliyedhamiria.

Hapa ndipo lile la ufundi linapoingia. Trafiki anaweza kuona tairi lenye upara na kukuandikia, maana macho yanatosha. Kupima breki, usukani na mifupa ya gari ni kazi ya mkaguzi wa magari wa polisi, ambaye madereva wanamwita IOV. Ndiye anayelikagua gari baada ya ajali na kuandika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo inayotumika mahakamani na kwa watu wa bima. Kwa hiyo ukiambiwa DMC, uliza ni sehemu gani ya gari. Akikujibu tairi, tazameni pamoja. Akikujibu "gari lote", sema uko tayari likaguliwe na IOV. Hilo nalo lina gharama, kwa sababu gari likipelekwa kituoni linaweza kulala huko. Kabla hujaliacha, toa kila kitu cha thamani, piga picha kilomita zilizosomeka, kiwango cha mafuta, redio na tairi la akiba, na hakikisha limeandikwa kwenye kitabu cha kituo. Magari yaliyolala kituoni yana tabia ya kuamka yamepungukiwa.

Ukipelekwa kituoni

Tiketi haikupeleki seli. Mambo machache ndiyo yanayokupeleka: ajali yenye majeruhi au kifo, uendeshaji wa kuhatarisha maisha, pamiti ya kughushi, gari linaloshukiwa kuibwa, na pombe. Operesheni za Kawunyemu, za kuwapima madereva pombe, hufanyika hasa usiku wa mwisho wa juma, na kikomo kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Anayenaswa Ijumaa usiku mara nyingi hulala, na Jumamosi na Jumapili mahakama zimefungwa.

Ukikamatwa, Ibara ya 23 ya Katiba inaanza kazi. Uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa na haki yako ya kuwa na wakili, tena kwa lugha unayoielewa. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa kabla. Dhamana ya polisi ni bure, na polisi wenyewe wameandika hivyo kwenye kuta za vituo vingi. Unachohitaji ni mdhamini mwenye kitambulisho. Anayedai fedha ya dhamana ya polisi anakuuzia kitu kisichouzwa.

Hilo la lugha linatuhusu sisi moja kwa moja. Kiswahili Uganda kina historia ya ajabu kidogo. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Miaka yote hiyo mahali ambapo hakikuhitaji amri ya mtu ni kambini, kwa wanajeshi na polisi. Askari aliyetoka chuo cha Kabalye, Masindi, amekimbizwa na kufokewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Arua, Bombo au Busia asiyejua Kiluganda vizuri hana haja ya kuhangaika na Kiingereza cha kuungaunga mbele ya afande. "Afande, jambo. Naomba unielezee kosa langu kwa Kiswahili" ni ombi lenye msingi, na mara nyingi hupunguza joto.

Lakini lina upande wa pili. Katikati ya Buganda bado kuna masikio yanayosikia Kiswahili na kufikiria mwanajeshi au jambazi, na afande wa trafiki naye akisikia cha Mombasa au Goma anapiga hesabu kwamba huyu ni mgeni, hajui njia za hapa. Wenye malori wa Kenya watakuambia hivyo bila kuulizwa. Dawa yake ni karatasi zilizokamilika, kwa sababu mgeni mwenye karatasi zote hana pa kushikwa.

Kamera isiyouliza nani anaendesha

Mwaka 2021 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Urusi kuweka namba za gari za kidijitali, na magari ya serikali yakaanza kuzifunga mwishoni mwa 2023. Juni 2025 ukaja mfumo wa tiketi za kamera. Ukizidisha mwendo hadi kilomita 30 juu ya kiwango, shilingi 200,000. Zaidi ya hapo, 600,000. Watu walipoangalia namba za magari yao walikuta tiketi juu ya tiketi, nyingine kutoka sehemu za kilomita 30 kwa saa ambako walidai hakukuwa na kibao chochote. Kelele zikapanda, na mwezi huohuo waziri wa ujenzi na uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akatangaza kusimamisha mfumo ili urekebishwe.

Wengi walishangilia kana kwamba jambo limekufa. Sidhani. Kamera zinavutia serikali yoyote, na kwa haki yake kamera haiombi soda. Lakini inabadilisha swali la msingi. Afande huandika aliyeshika usukani. Kamera husoma namba, na namba inamfuata aliyeandikwa kwenye daftari la magari.

Na daftari letu ni bovu kwa mazoea yetu wenyewe. Gari la mtumba Uganda huuzwa kwa kukabidhiana kadi na fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa na muuzaji, sehemu ya mnunuzi ikiachwa wazi. Mnunuzi hajazi, kwa sababu kuhamisha kuna gharama na huenda atauza tena baada ya miezi sita. Gari linapita mikono mitatu huku jina ni la mwalimu mmoja aliyeliuza zamani na sasa anapokea ujumbe wa faini kutoka barabara ambazo hajawahi kupita. Kinyume chake nacho hutokea: umenunua gari safi, siku ya tatu afande wa Lukaya anaingiza namba kwenye mashine na kukusomea madeni ya dereva usiyemjua.

Kabla ya kulipa fedha za gari, angalia namba yake kwenye mfumo wa malipo ya faini na mwonyeshe muuzaji kilichotokea. Kama kuna deni, likatwe kwenye bei, kisha mkalilipe siku hiyohiyo na risiti ibaki kwako. Jaza jina lako kwenye fomu mkiwa bado mmekaa pamoja. Na wewe unayeuza, usiondoke na fedha ukaacha sehemu ile wazi: andika tarehe na saa ya makabidhiano, mnunuzi asaini, ubaki na nakala ya kitambulisho chake, na ufuatilie mpaka jina lako litoke.